Kombe la Siku Arobaini

Hapo zamani, tena si zamani ya masultani bali zamani hii hii ambayo dawa ya kikohozi iliuzwa dukani kama njugu, palikuwa na mkwezi wa minazi jina lake Mbwana, na mkewe Zuwena. Kaeni vizuri. Hadithi yangu haina sungura wala fisi. Mwisho wake nitawauliza swali, na atakayesinzia asithubutu kujibu.

Mbwana alikuwa mkwezi hasa. Mtaani Pambani walisema nazi za Mbwana hazianguki, zinateremka. Siku moja akakanyaga kidato cha mnazi kilichooza, akaja chini na kuti mkononi, nyonga ikavunjika. Hospitali wakamfunga, wakampa vidonge vya kodini vya kutuliza maumivu, na kweli vikamtuliza. Nyonga ikaunga, vidonge vikaisha, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuonja. Akahamia kwenye dawa ya kikohozi yenye kodini ile ile, na kifua chake kizima kama cha ng'ombe dume! Kijiko kikawa kikombe, kikombe kikawa chupa. Akiikosa, arosto inamshika: kamasi, jasho la baridi, tumbo kumkata, miguu kurusharusha kama kuku aliyechinjwa. Akauza kamba yake ya kukwelea. Akauza panga. Akauza hata doti za khanga ambazo Zuwena alikuwa bado hajazikata.

Watu wakamwita teja. Zuwena hakumwita hivyo hata siku moja. Alimpenda mumewe, na hilo mlijue kabla ya yote, maana yote yatakayofuata yametoka hapo.

Zuwena akamshika mkono, akampeleka kwa Maalim Jumbe, mwalimu wa chuo cha Kurani. Nawaona wengine mmeshaanza kubetua midomo. Acheni. Maalim hakuwa tapeli, wala hakuchukua hata thumni. Alimtazama Mbwana, akamwambia, "Mwanangu, maradhi haya ni ya mwili na ni ya moyo. Nitakuandikia kombe siku arobaini, asubuhi na jioni. Na kila siku tukisha kusali alfajiri utakaa na mimi, utasoma, utajaza maji birika la msikiti. Usikae peke yako."

Kombe mnalijua. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, sahani ikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa yale maji. Maalim aliandika, Zuwena akachukua sahani nyumbani, akaiosha mwenyewe, akamnywesha mumewe.

Lakini kabla hata ya sahani ya kwanza, Mbwana alifanya jambo. Kwa uchungu wa aibu, mbele ya Maalim na mbele ya mkewe, akaapa, "Nikionja kodini tena hata tone moja, kwa kujua au kwa kutojua, Zuwena si mke wangu. Talaka tatu!"

Maalim akashtuka. "Mbwana! Nani kakuomba kiapo hicho?"

"Nimeshasema, Maalim."

Basi alikuwa ameshasema. Msiniulize mimi hukumu yake, waulizeni wenye vitabu. Zuwena hakuwa na vitabu. Yeye alijua tu kwamba ndoa yake ya miaka kumi na mmoja sasa imening'inia kwenye tone moja.

Siku ya kwanza Mbwana akatapika. Siku ya pili akatapika na damu. Siku ya tatu akamwomba mkewe amfungie mlango, na kabla ufunguo haujazunguka akamwomba amfungulie. Zuwena akatoka mbio hadi kwa Bi Tatu, nesi aliyestaafu, nyumba ya nne kutoka kwake.

Bi Tatu akamuuliza, "Mwanangu wee, mnazi unateremkwaje?"

"Kwa vidato, bibi."

"Na anayejirusha?"

Zuwena alikwisha kumwona aliyeanguka.

"Basi mwili uliozoea kodini nao huteremshwa kidato kwa kidato. Mpeleke zahanati, wampunguzie kidogo kidogo mpaka iishe. Dua aendelee nazo, zitampa moyo. Na lingine, hili liweke kifuani. Mwili uliokwisha kukauka dawa, siku ukiupa kipimo chake cha zamani, hauamki."

Ushauri mzuri, sivyo? Sasa niambieni, Zuwena angeufanyia nini? Kumpeleka Mbwana zahanati akapewe kodini hata ya kupunguziwa ni kuachika. Kumwacha alivyo ni kumzika. Akarudi nyumbani, akaenda jikoni, akafukua lundo la vifuu. Alijua mumewe ameficha chupa humo. Zilikuwa tisa.

Jioni ile akaosha sahani kwa marashi, akatia vijiko sita vya dawa ile, siri yake na Mungu.

Mbwana akanywa. Akalamba midomo. "Kombe la leo lina utamu."

"Maneno ya Mungu hayo," akajibu Zuwena, akaisuuza sahani upesi.

Vijiko sita asubuhi, sita jioni. Kisha vitano. Kisha vitano tena, maana siku ile tumbo lilimkata. Kisha vinne. Kila anapopunguza, anamtazama mumewe usoni mpaka mchana. Na kila alfajiri Mbwana anachechemea kwenda msikitini, anajaza birika, anasoma na Maalim, anarudi na nuru kidogo usoni. Vijiko vitatu. Viwili. Kimoja. Siku ya thelathini na tatu chupa ya tisa ikakauka, na tangu hapo likabaki kombe tupu, zafarani na marashi.

Siku ya thelathini na tano ilikuwa mbaya. Mbwana aliondoka kimya mchana, akaenda hadi mlangoni mwa duka la dawa. Zuwena alimfuata kwa mbali, khanga kaiuma kwa meno. Akamwona mumewe amesimama pale jua la utosi, mkono kashika fremu ya mlango. Alisimama muda wa mtu kusali rakaa nne. Kisha akageuka, akarudi nyumbani, akalala kifudifudi akilia kama mtoto. Wala msidhani dawa ilimrudisha pale. Hapakuwa na dawa tena.

Siku ya arobaini mtaa mzima ukasoma maulidi. Watu wakamshukuru Maalim. Maalim akasema, "Si mimi, ni Mungu, na ni uvumilivu wake mwenyewe." Mbwana akasimama, akawaambia, "Jamani, wallahi siku arobaini sikuonja hata tone!" Wanaume wakaitikia Allahu Akbar. Nyuma ya pazia la wanawake, Zuwena alipiga vigelegele, na katikati ya furaha hiyo akaona woga.

Hapo ningekuwa mwongo ningekoma, nikawauliza nani alimponya Mbwana, tukabishana tukacheka, kila mtu akaenda kulala. Lakini kulikuwa na Salha.

Salha alikuwa binti wa pekee wa Maalim Jumbe na mkewe Bi Mwanamvua, ameolewa mji wa mbali. Alipasuliwa kwa uzazi, mtoto akafa, yeye akabaki na mshono na vidonge. Mnaijua njia, kwa hiyo sitaisimulia mara mbili. Mume alipochoka akamrudisha kwao, mifupa na macho.

Maalim hakuwa na wasiwasi. "Mbwana alipona bila tone, na mwanangu atapona." Akamweka Salha katika chumba cha ndani, ufunguo akampa Bi Mwanamvua. Akaandika kombe kwa mkono ule ule, kwa zafarani ile ile, na machozi yakimdondokea kwenye sahani.

Zuwena akawa anampelekea uji. Siku ya tano Salha akamshika mkono, vidole baridi kama vya aliyetoka kisimani. "Dada Zuwena, niambie kweli. Shemeji Mbwana aliwezaje?"

Neno lilikuwa ulimini mwa Zuwena. Mungu wangu, lilikuwa pale pale! Akamwona Mbwana, kanzu nyeupe, ameanza tena kukwea. Akajiona yeye, na furushi lake, nje ya mlango.

"Alimtegemea Mungu," akasema.

Salha akamwachia mkono. "Basi mimi Mungu kanikataa."

Siku tatu Zuwena hakula akashiba. Siku ya nane, baada ya alasiri, akaondoka kwenda kusema. Alifika hadi barazani kwa Maalim. Ndani akasikia sauti ya Mbwana, "Maalim, mwambie Salha avumilie. Mimi nilikuwa hivyo hivyo siku ya nane." Zuwena akasimama. Akajiambia, kesho, Mbwana akiwa shambani. Akarudi.

Kesho yake asubuhi mlango wa chumba cha ndani ulikutwa wazi. Salha alikuwa amekwenda kugonga duka la dawa alfajiri, amenunua kipimo chake cha zamani, amerudi, amelala kwenye mkeka wake. Hakuamka.

Walimwosha wanawake watano, na Zuwena alikuwa mmoja wao. Alimmiminia maji. Ule mshono wa uzazi ulikuwa bado mwekundu. Zuwena aliuona, na tangu saa ile hakuwa na mahali pa kuweka macho yake.

Siku ya tatu ikasomwa hitima, watu wakala, wakaondoka. Bi Mwanamvua akaagiza waitwe Mbwana na Zuwena. Akawaketisha na mumewe Maalim, jambo lisilo desturi, wanaume na wanawake mkeka mmoja. Akaweka katikati sinia la wali.

"Mwanangu hakufa kwa kodini tu," akasema. "Kuna mtu. Naijua harufu ya mtu. Wekeni mikono kwenye sinia. Aliyemuua Salha aondoe mkono wake. Asiye na hatia ale, nami nitamwita mwanangu."

Mikono mitatu ikawekwa.

Zuwena akaanza, maana alikuwa hawezi tena kupumua. "Mkono uondoke wangu. Lile kombe la Mbwana nililitia dawa. Chupa tisa nilizimimina, kijiko kwa kijiko. Bi Tatu alinionya kwamba mwili mkavu haubebi kipimo cha zamani. Salha aliniuliza kwa kinywa chake, nami nikamdanganya ili nisiachwe, akasema Mungu kamkataa. Nilinunua ndoa yangu kwa roho yake."

Maalim akafumba macho. Mbwana hakushtuka. Zuwena akamgeukia, akauona uso wake, na kabla mumewe hajasema akaelewa.

"Uondoke wangu," akasema Mbwana. "Mke wangu, mimi nilikunywa dawa ile miaka minne. Ulidhani ulimi wangu hautaijua? Niliijua siku ile ile ya kwanza. Nikanywa, nikanyamaza, kwa kuwa ningesema, tungeachana. Kisha nikasimama kwenye maulidi nikaapa mbele ya watu kwamba sikuonja. Wewe ulimdanganya Salha mara moja, kwa woga. Mimi nilikuwa nikimtumia salamu kila siku avumilie nisichokivumilia."

Zuwena akalia hapo kwa sauti. Alilia kwa sababu alipendwa, na kwa sababu alikuwa ameachika tangu jioni ile ya vijiko sita, na wote wawili walijua, na wote wawili walilala kitanda kimoja wamenyamaza.

Maalim akasema kwa shida, "Uondoke wangu. Bi Tatu alikuja kwangu siku ya pili ya Salha. Alisimama pale mlangoni, hakutaka hata kukaa. Akaniambia, 'Maalim, kombe liendelee, lakini mtoto ateremshwe kwa dawa, vyote viwili.' Nikamjibu ya hospitali yabaki hospitali. Nyinyi mlificha. Mimi niliambiwa, nikakataa, kwa kuwa watu walikuwa wamenisifu na sifa ilikuwa tamu. Mungu hakumkataa Salha. Mimi ndiye niliyemkatalia."

Mtasema, na muuza duka je? Muuza duka hakualikwa. Saa ile alikuwa dukani kwake anauza.

Wali ukaanza kupoa. Hakuna aliyekula, na hakuna aliyeondoa mkono, maana kila mmoja alikuwa akingoja mama amwambie uondoe wewe.

Bi Mwanamvua akawatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mmesema sana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ule mlango ulifunguliwa na nani."

Akafungua fundo la khanga yake. Akatoa ufunguo, akauweka ukingoni mwa sinia.

"Alinililia usiku kucha. Aliniambia, 'Mama, nifungulie nivute hewa tu.' Mimi ni mama yake. Mngefanya nini?"

Akaketi mkekani pamoja nao, akauweka mkono wake wa kulia kwenye wali, karibu na mikono ile mitatu.

Haya, mimi nimefika kwangu, mzigo nautua mbele yenu. Mikono minne iko siniani, na wali unapoa. Mkono wa aliyedanganya kwa mapenzi. Mkono wa aliyejua akaapa. Mkono wa aliyeonywa akakataa. Mkono wa aliyehurumia akafungua. Je, nani alistahili kula?