Abiria wa Kiti cha Nyuma

Tajiri Shekiondo wa Mombo aliuza magari yaliyochoka kwa bei ya magari mapya, na hakuona haya.

"Injini inachemsha kidogo tu, dada, kama birika la chai," alimwambia Mwantumu, mchuuzi wa kabichi. "Bei haipungui senti."

"Mlima wa Lushoto litapanda?"

"Litapanda huku linaimba!"

"Basi twende nikalisikie. Mkweo nimemkuta stendi, anawahi msiba huko juu. Nimeshampandisha kiti cha nyuma."

Shekiondo akageuka. Kweli, garini alikaa mama mmoja aliyejitanda kanga, anakohoa. Kwao mkwe hatazamwi usoni, hivyo akainamisha kichwa na kuyaamkia matairi. Kisha akamvuta Mwantumu pembeni, jasho likimtoka.

"Mshushe, nakuomba! Gasketi imeungua, hili halifiki hata kona ya pili. Nikikwama mlimani na mkwe wangu, uso nitauficha wapi?"

"Nimshushe nimwambie nini? Kwamba mkwewe anauza mikweche?"

"Usimwambie kitu! Chukua gari kwa nusu bei, na gasketi mpya nakufungia leo."

"Sema kwa sauti, mafundi wako wasikie."

Akasema. Mafundi wakasikia, na yeye na Mwantumu wakapeana mikono mbele yao.

Mwantumu akafungua mlango wa nyuma. "Shuka, shangazi. Gari tumepata."

Mama akateremka, akafunua kanga, akamkenulia Shekiondo kwa uso ambao tajiri yule hakuwahi kuuona maishani mwake.