Ndoo Nzito ya Ubaidi bin Sawadi

Wamesimulia waliopokea habari za waja wema kwamba katika mji wa Qasiriya paliishi mjenzi tajiri aitwaye Ubaidi bin Sawadi, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Zama hizo mji ulikuwa umefurika watu, na Kadhi Nadhiri, Mola amrehemu, alikuwa ameweka sharti: anayejenga nyumba za kuuza nje ya ukuta atoe kwanza fungu la mali la kujengea kisima, mfereji na njia, ili wageni wasije wakayanywa maji ya wenyeji yakaisha. Aliyesamehewa ni yule tu ambaye ardhi yake ina maji tayari.

Ardhi ya Ubaidi ilikuwa na kisima cha kale, kikavu. Asubuhi aliyokuja Kadhi kukagua, wachukuzi aliowakodi Ubaidi walikwisha kumimina humo viriba vya maji kutoka mjini. Kadhi akateremsha ndoo, ikapanda imejaa. Akasema, "Alhamdulillahi. Umesamehewa." Naye Ubaidi akajituliza moyoni kwamba mvua zikija, kisima kitajijaza chenyewe na uongo utakuwa kweli.

Nyumba zikauzwa, watu wakahamia. Mvua zikaja zikapita, kisima kisijae. Wakazi wakawa wanakwenda na mitungi hadi kisima cha mjini, kupitia njia ya matope, na huko wenyeji wakaanza kuwafukuza.

Siku moja baada ya alasiri, Ubaidi akiwa anapita mtaani humo, aliitwa na ajuza mmoja, Bi Lubaba, aliyekuwa amesimama kisimani.

"Mwanangu, nisaidie kuvuta ndoo hii."

"Kisima hiki si kimekauka, mama?"

"Wewe vuta."

Akavuta. Kamba ikakaza, ikamkata viganja. Ndoo ilikuwa nzito kama iliyojaa pomoni, na kutoka chini ilisikika sauti ya kugugumia, kama ya mwenye kiu aliyepata maji baada ya safari ndefu. Jasho likamtiririka. Ndoo ilipofika juu, akachungulia. Ilikuwa tupu, kavu, na vumbi lilikuwa limetanda ndani yake. Na ile sauti huko chini ikakoma ghafla.

Nywele zikamsimama. "Audhubillahi! Nini hiki?"

"Sijui, mwanangu. Kila siku tunavuta hivi hivi. Inakuja nzito, halafu hamna kitu. Ninalojua mimi ni kwamba aliyetuuzia alituambia kina maji."

"Aliyewauzia ni mimi."

"Ndiyo maana nimekuita wewe," akasema Bi Lubaba kwa upole, akatwaa mtungi wake na kushika njia ya mjini.

Ubaidi akamweleza mshirika wake, Dhamra, kwamba anakwenda kukiri. Dhamra akashika kichwa. "Kadhi ameshaamini, na wachukuzi wameshatawanyika. Nani atakuuliza?" Ubaidi akamnyooshea mikono. Viganja vyake vilikuwa bado vinavuja damu.

Ijumaa, baada ya sala, akasimama mbele ya watu akaeleza yote. Kadhi akainamisha kichwa, akasema, "Ushahidi wako hautapokelewa tena katika mji huu, Ubaidi."

"Ninajua, sheikh wangu."

"Nawe ungeweza kunyamaza."

"Nilinyamaza. Nikasikia kinachokunywa kimya changu."

Akauza nyumba yake ya ndani ya ukuta, akatoa fungu lote alilokwepa na zaidi. Wachimbaji waliposhuka kisimani walikuta mchanga mkavu uliokanyagwakanyagwa, kana kwamba kundi kubwa la watu lilisimama pale likingoja. Hawakuona mtu wala mfupa. Wakasoma walichojaaliwa, wakachimba kwa hofu, hata maji yakabubujika. Kisha mfereji ukajengwa, na njia ikatandazwa mawe.

Ubaidi akahamia kibanda cha mwisho kabisa, pale mfereji unapoishia, akawa hagusi maji mpaka jirani zake wote wawe wamechota. Aliishi hivyo hadi alipofariki, na waliomwosha walisema makovu ya kamba yalikuwa bado viganjani mwake.

Ndugu yangu, anayewaweka watu mahali ameibeba kiu yao, akubali asikubali. Jaza ya Ubaidi ni kwamba aliutua mzigo huo angali hai, mbele ya macho ya watu, kabla hajaulizwa pasipo na pa kujificha. Mola atujaalie ulimi wa kukiri mapema.