Sahani Iliyotunziwa Mlima

Ukiongeza meno, ongeza na cheni. Jana kwenye kikao cha harusi mlimsikia Mama Gwantwa akimtupia neno hilo kijana aliyetaka wageni wawe mia tatu badala ya mia, nanyi mkacheka bila kujua mnachocheka. Leo mnaniuliza limetoka wapi. Haya, kaeni, na mtu asiniulize mwisho kabla sijamaliza mwanzo. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu bondeni, kabla barabara haijachongwa, zahanati ilikuwa juu ya mlima Ngolota, na gari la kumfikisha mgonjwa halikuwepo. Aliyezidiwa alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu mawili kilichofungwa nyuma ya baiskeli, mwanamume mwenye mapaja akampandisha. Mwenye baiskeli ya gia kijijini alikuwa mmoja tu, Ambilikile, mkulima wa ndizi. Mkewe Subilaga alikuwa binti wa marehemu fundi baiskeli, amekua akimshikia baba yake spana.

Mimba yao ya kwanza iliishia mlimani. Ambilikile alikanyaga pedeli mpaka miguu ikakataa, akashuka, akasukuma, na walipofika mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Hakuna aliyemlaumu. Yeye mwenyewe alijilaumu vya kutosha, na mkewe aliposhika mimba tena, raha ilimtoka mwilini. Kila jioni alisimama mlangoni akiukazia macho mlima ule, kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

Sasa, mwenye baiskeli ya gia anajua: nyuma kuna sahani za meno zilizopangana, ndogo mpaka kubwa, na kadiri sahani inavyokuwa kubwa ndivyo mlima unavyolainika. Ambilikile alichakura vyuma chakavu sokoni, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka akapata sahani pana kama kisahani cha chai. Haikuwa ya jamii ya baiskeli yake. Hakujali. Alifungua gia zake, akatoa sahani kubwa ya zamani, akaipachika ile, na ilipocheza akaijazia kwa bati alilokata kwenye kopo la maziwa. Ikakaa. Majirani walikuja kuitazama wakamwita injinia, naye hakulikataa jina.

Subilaga ndiye hakusifu. Alikuja na tumbo lake, akainama kwa shida, akaitazama kazi ya mumewe kwa muda mrefu.

"Na cheni?" akauliza.

"Cheni ni nzima kabisa. Nimeinunua juzijuzi."

"Sikuulizi uzima. Nauliza urefu."

Ambilikile alimwambia akapumzike, mambo ya vyuma amwachie yeye. Jikoni, juu ya rafu, palikuwa na kopo la marehemu fundi limejaa pingili za cheni, na Subilaga alimkumbusha hivyo. Mumewe hakulisogelea. Mwanamume akishaitwa injinia, wanangu, masikio yake huziba.

Wiki tatu alikwenda sokoni na kurudi, cheni ikipita kwenye sahani ndogondogo kama maji. Ile kubwa hakuigusa hata siku moja. Aliogopa meno yake yasiishe bure, akaitunza kama watu wanavyotunza viatu vya Jumapili. Alipoulizwa, alijibu kwamba ile ni ya Subilaga na mlima.

Siku ikafika. Uchungu ulimshika Subilaga asubuhi, ng'ombe wanatolewa, na haukuja taratibu. Walimlaza kitandani kwenye magurudumu, dada yake Tumpe akafuata nyuma kwa miguu na kanga mpya ya kumpokelea mtoto. Kwenye tambarare Ambilikile alikwenda vizuri, lakini roho ilikuwa mkononi. Kila mkewe alipoguna, aligeuka. Kila aliponyamaza, aligeuka zaidi, maana ile mara ya kwanza kimya ndicho kilichotangulia.

Mlima ukaanza. Akasema moyoni, sasa ndiyo saa yake. Akavuta gia, akasimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote. Cheni ilipanda kwenye ile sahani kubwa, ikazunguka nusu, ikakaza, maana haikuwa na urefu wa kuizunguka. Ule mkono mdogo wa chuma unaoihamisha cheni ukavutwa mbele mpaka ukanyooka, ukavunjika, na cheni ikakatika ikaanguka mavumbini. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma na mgonjwa. Tumpe aliizuia kwa mgongo.

Ambilikile aliiokota ile cheni akabaki ameishika. Alisubiri mkewe amtukane, na laiti angemtukana.

"Pingili tatu tu," Subilaga alisema akiwa amefumba macho. "Zimo ndani ya kopo la baba."

Basi ikawa ni kusukuma, kama ile mara ya kwanza, kona zilezile, mawe yaleyale, na Ambilikile akilia waziwazi bila kujificha. Kwenye kona ya pili Subilaga alinyamaza. Mumewe akamwita kwa jina, hakuitika. Akaita tena kwa sauti ambayo wanawake waliokuwa wakichuma chai kule juu waliisikia. Walitua vikapu, wakashuka mbio, wakafunga kanga zao kwenye usukani na kwenye kitanda, wakavuta wote kwa pamoja, sita kwa hesabu, mpaka mlango wa zahanati.

Ambilikile aliachwa nje. Alikaa chini, mikono myeusi kwa grisi, akisikiliza ukuta. Akasikia mtoto analia, akasogea mlangoni. Kisha nesi akachungulia.

"Baba, leteni kanga nyingine."

"Tumekuja na moja tu."

"Basi tafuta chochote. Wako wawili."

Kanga za wachumaji chai zilikuwa bado kwenye baiskeli, mafundo yamekaza hayafunguki upesi. Alivua shati lake, akaligeuza upande usio na grisi, akampa.

Walipomruhusu kuingia, alimkuta Subilaga amechoka, mtoto mmoja kwenye kanga mpya, mwingine kwenye shati la baba yake. Ambilikile alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuomba msamaha. Mkewe alilitazama lile shati, akamtazama na yeye, kifua wazi, akacheka kidogo kwa maumivu.

"Ukiongeza meno," akasema.

"Ongeza na cheni," mumewe akamalizia.

Wale wachumaji chai walikuwa mlangoni wakingoja kanga zao, wakasikia. Jioni ile neno lilishuka nao bondeni, na hadi leo anayeongeza mke, mifugo, au vyumba, huambiwa. Nendeni mkamwambie kijana wenu wa wageni mia tatu akahesabu masufuria kwanza. Ukiongeza meno, ongeza na cheni.