Mji Alioutaka Mwanahawa

Mwalimu Shemboza wa Kiswahili alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko sarufi: chakula kikionekana darasani, ni cha mwenye darasa. Asubuhi hiyo alizitwaa kashata zote za Mwanahawa, akazitia kwenye droo, moja akaitupia mdomoni.

Mwanahawa akameza mate. Kipindi kilikuwa cha vitendawili, naye akanyoosha mkono.

"Kitendawili!"

"Tega!" Mwalimu akaitika huku anatafuna.

"Mali si yake, shavu limemtuna."

Mwalimu akataja kima, akataja panya buku, akataja hata jino bovu. Wapi!

"Basi nipe mji, Mwalimu."

"Nakupa Tanga."

"Joto hilo!"

"Nakupa Arusha."

"Baridi ile siiwezi. Nipe mji wa karibu, miguu inaniuma."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akapandwa na mori.

"Chukua darasa hili, lote lako, utupe jibu!"

"Nimelichukua, na wenyeji wamenipokea vizuri. Jibu ni wewe, Mwalimu." Mwanahawa akawageukia wenzake. "Jamani, chakula kikionekana darasani ni cha nani?"

"Cha mwenye darasa!"

"Basi fungua droo, Mwalimu. Hiyo ya shavuni nakuachia."