Kiboko Aliyeosha Vibuyu vya Pimbi

Nitoe?
— Toa!
Nitoe nzima au nimege?
— Nzima!
Hata ikiwa na uongo ndani?
— Toa hivyo hivyo!

Basi natoa. Uongo ulio ndani Mungu anisamehe, maana niliupokea kwa bibi yangu bila kuupunguza, na pengine nimeuongeza.

Palikuwa na majabali. Chini ya majabali palikuwa na bonde. Katikati ya bonde palikuwa na mto. Majabalini alikaa Pimbi, yule mnyama mdogo anayefanana na panya asiye na mkia. Bondeni alikaa Pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, mwenye pembe zilizosokotwa na maziwa mengi. Mtoni alikaa Kiboko, na huyo sina haja ya kumweleza, mnalijua tumbo lake.

Pofu alikuwa mkarimu. Kila asubuhi alikamua, na kila mwenye mtoto alikwenda kuchota. Masika hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kiangazi. Maziwa yaliyokamuliwa asubuhi, mchana yalikwisha haribika. Anayekunywa, tumbo nguru-nguru-nguru. Wakubwa waliumwa wakapona. Wadogo waliumwa, hawakupona. Kiangazi kimoja Pimbi alizika watoto wawili. Akabaki na mmoja, mdogo sana, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka.

Baada ya matanga Pimbi alikuwa akisafisha nyumba, akakuta kibuyu cha zamani kimesahaulika pembeni, kina maziwa ndani. Yameganda. Akanusa, yananukia vizuri. Akaonja, ni machachu matamu. Akangoja tumbo lingurume. Tumbo kimya.

Pimbi akakaa chini akawaza. Akasema, "Wapo wadogo wabaya nisiowaona, wanaoharibu maziwa. Basi wapo na wadogo wema nisiowaona, wanaoyatengeneza. Nitawatafuta."

Akaenda kwenye mzambarau, akakwangua gome, kwaru-kwaru-kwaru. "Wewe nisiyekuona, njoo tukae wote." Akatia kwenye kibuyu, akamwagia maziwa.

Akaenda kwenye mtama uliolowa mvua, akakwangua punje, kwaru-kwaru-kwaru. "Wewe nisiyekuona, njoo tukae wote." Akatia kwenye kibuyu, akamwagia maziwa.

Akaenda kwenye kile kibuyu cha zamani, akakwangua ukoko, kwaru-kwaru-kwaru. "Wewe nisiyekuona, njoo tukae wote." Akatia kwenye kibuyu, akamwagia maziwa.

Alikwangua bonde zima. Kila kibuyu alikionja yeye mwenyewe, si mtoto. Tumbo likinguruma, alimwaga. Tumbo likinyamaza, alitunza. Katika vibuyu arobaini alivyojaza, vilibaki vitatu. Akavifunga kamba, cha kwanza fundo moja, cha pili mafundo mawili, cha tatu mafundo matatu, asije akavichanganya.

Akavilea kama watoto. Kila siku ya tatu alivipa maziwa mabichi. Akitoa mtindi, aliacha kidogo chini. Na hakuviosha. Hilo ndilo lilikuwa sharti, haviguswi na maji.

Wanyama walimcheka sana. "Pimbi siku hizi anafuga uchafu!" Lakini kiangazi kilipofika walikuja na watoto wao, wakanywa mtindi, na mwaka ule hapakuchimbwa kaburi hata moja bondeni. Kicheko kikaisha. Wakaanza kusema, "Vile vibuyu vina uganga."

Maneno hayo yakafika mtoni.

Kiboko alikuwa na mpambe wake, Yangeyange, yule ndege mweupe, aliyeshinda amesimama mgongoni kwa bwana wake na kuitikia kila neno.

"Vibuyu vyenye uganga vinakaaje kwa kinyama kisicho na mkia?" akauliza Kiboko.

"Kasema! Kasema bwana mkubwa!"

"Maziwa yote yapite kwangu kwanza. Nikishiba, wengine watapata."

"Kasema! Watapata!"

"Nani kawahi kuniona nimeshiba?"

Yangeyange akafikiri. "Hakuna, bwana mkubwa."

"Basi kamwambie. Siku ya tatu nakuja kuchukua vibuyu. Akificha hata kimoja, namkalia yeye na mtoto wake."

Yangeyange akaruka mpaka majabalini, akasema yote, akaongeza na yake. Pimbi akamsikiliza, akamshukuru, akamsindikiza. Kisha akaingia ndani mbio.

Alitwaa vitambaa vitatu. Cha kwanza akakichovya kwenye kibuyu cha fundo moja, cha pili kwenye cha mafundo mawili, cha tatu kwenye cha mafundo matatu, na kila kitambaa akakifunga mafundo yake. Akavitundika kwenye ufa wa jabali, penye upepo na pasipo jua. Maana alikwisha jaribu siku nyingi akajua kwamba hao wadogo wakikaushwa taratibu kivulini hulala, na ukiwapa maziwa huamka, japo si kila mara. Lakini walitaka siku tatu kamili. Kitambaa kikitoka kabla hakijakauka, kinaoza.

Siku ya kwanza vitambaa vikaning'inia. Siku ya pili asubuhi, vitambaa vingali vibichi, ardhi ikatetemeka. Du! Du! Du! Kiboko huyo anapanda.

"Mbona mapema, bwana mkubwa?" akasema Pimbi mlangoni.

"Njaa yangu haina kalenda. Lete vibuyu."

Pimbi akavitoa vyote vitatu, akaviweka mbele yake. Kisha akainamisha kichwa.

"Unalia?"

"Silii, bwana. Naona haya."

"Haya ya nini?"

"Kumpa mkubwa kama wewe chombo cha namna hii. Havijaoshwa."

"Havijaoshwa tangu lini? Tangu jana?"

"Tangu nilipovipata, bwana. Hata mara moja. Sisi watu wa majabali maji tunayaona kwa mbali tu."

Kiboko akarudi nyuma hatua mbili. Kumbukeni, huyu ni mtu anayeshinda majini kutwa. Akitoka mtoni kidogo anajiona mchafu. "Tuu!" akatema. "Yaani humu ndani mna masalia ya mwaka jana?"

"Na ya mwaka juzi."

"Kasema! Ya mwaka juzi!" akaitikia Yangeyange kwa mazoea, kisha akainamia sikio la bwana wake. "Lakini bwana mkubwa, mimi nadhani hayo masalia ndiyo yale—"

"Wewe! Nilikupa mgongo usimame, sikukupa ufikiri. Vikaoshwe mtoni!"

Pimbi alijua maji ya baridi hayatoshi. Katika vinyweleo vya kibuyu wangebaki wadogo wachache, na hao wachache wangezaana, na Kiboko angekuwa na mtindi na bonde lote lingekuwa chini ya tumbo lake.

"Mto unatosha, bwana," akasema kwa upole. "Kwa vyombo vya maziwa wengine husema maji ya baridi ni ya watu wa chini. Lakini mimi nitajulia wapi? Mimi mshamba."

"Nani kakwambia naosha kwa baridi? Ile chemchemi inayotoa moshi kule juu unadhani ni ya nani?"

"Ni yako, bwana."

"Basi ndiko naviosha! Mara saba!"

Mpaka hapo Pimbi hakuwa amesema uongo. Alinyamaza tu palipofaa kusema, na kunyamaza huko sijui kunaandikwaje huko juu. Lakini Yangeyange alikwisha ingiza shingo yake ndefu kwenye ufa wa jabali.

"Na hivi vitambaa vilivyotundikwa humu? Vina mafundo kama vibuyu!"

Kiboko akageuza kichwa chake kile, polepole. Mtoto wa Pimbi alikuwa amelala pale pale chini ya ufa.

"Ni nepi za mtoto," akasema Pimbi. "Tumbo lilimsumbua. Hazijakauka. Shika uone."

"Toa shingo yako humo!" Kiboko akamfokea Yangeyange. "Utanisimamia mgongoni na mdomo huo?"

Hapo Pimbi alisema uongo, tena mkavu. Siwezi kumtetea. Naeleza tu kilichotokea.

Kiboko akabeba vibuyu mpaka kwenye chemchemi ya moto. Akaviosha mara ya kwanza, chwaa! Mara ya pili, chwaa! Akaviosha mpaka mara ya saba, akatia mchanga, akavisugua, vikang'aa kama vimechumwa jana. Akapita kwa Pofu, akachukua maziwa yote. Pofu akasema, "Na watoto?" Kiboko akasema, "Wangoje." Akajaza vibuyu, akaviweka ukingoni juani, akangoja siku mbili kama alivyosikia Pimbi hufanya.

Siku mbili hizo watoto wa bondeni walilala na maji matupu. Mtoto wa Pimbi alilia mpaka sauti ikakatika. Pimbi alikaa chini ya ufa akitazama vitambaa. Hakuvigusa.

Siku ya pili jioni Kiboko akafungua vibuyu. Puu! Harufu ikamrusha Yangeyange mpaka ng'ambo. Mwingine angemwaga. Kiboko, je, aliwahi kumwaga kitu kinachoingia mdomoni? Akanywa cha kwanza, gudu-gudu-gudu. Akanywa cha pili, gudu-gudu-gudu. Akanywa cha tatu. Akangoja.

Nguru.

Nguru-nguru.

NGURU-NGURU-NGURU!

"Pimbi!" akanguruma, na bonde zima likasikia. "Vibuyu vyako vimekufa uganga!"

Pimbi akajibu toka juu ya jabali, "Vilioshwa na nani, bwana mkubwa?"

"Na mimi!"

"Kwa maji gani?"

"Ya moto!"

"Mara ngapi?"

"Mara saba!"

"Basi ni visafi, bwana. Tatizo halipo kwenye vibuyu."

Kiboko alitaka kupanda jabali akamkalie. Akapiga hatua moja, tumbo likakataa. Ikabidi ageuke mbio mtoni, chubwi! Na kwa kuwa alikuwa ameshikwa na aibu, akawa anatawanya kwa mkia asijulikane ni yeye: pata-pata-pata-pata! Yangeyange aliyekuwa mweupe, siku hiyo hakuwa mweupe. Mpaka leo ukimkuta Kiboko majini anafanya mambo yake, mkia wake hautulii, na Yangeyange hukaa mbele, hakai nyuma.

Lakini Pimbi hakwenda kutazama. Vitambaa vilikuwa vimekauka kau. Pofu alikuwa amekamua tena, maziwa kidogo tu ya kutia kwenye vibuyu vitatu vingine.

Akatumbukiza kitambaa cha fundo moja. Akangoja siku mbili. Maziwa yakaoza.

Kitambaa cha mafundo mawili. Siku zile zile mbili. Yakaoza.

Akafungua kibuyu cha kitambaa cha mafundo matatu, ambacho ndicho kilichotokana na ule ukoko wa zamani. Hakunusa. Alikiinamisha kwanza. Maziwa hayakumwagika. Yalitikisika, tiki, tiki, mazito, yakatulia. Akachovya kidole akaonja, akangoja tumbo lake. Kimya. Akampa mtoto. Mtoto akanywa, akanywa, akalala na kinywa cheupe.

Pimbi alikaa akisikiliza tumbo la mtoto mpaka asubuhi. Kimya.

Ile chachu ya fundo moja na ile ya mafundo mawili zilipotea, na hakuna anayejua tena zilikuwa na ladha gani. Hiyo ya mafundo matatu Pimbi hakuiweka tena peke yake. Alichovya vitambaa vingi, akavikausha siku tatu, akampa Pofu, akampa Kobe, akampa kila mwenye mtoto, akiwaambia, "Cha kwangu kikifa, nitakuja kuomba kwako. Cha kwako kikifa, njoo kwangu."

Na sasa fundisho, maana hadithi bila fundisho wazee hawaitaki. Watoto, osheni vyombo vyenu kwa maji ya moto, mara saba, kama Bwana Kiboko. Msimdanganye mkubwa, hasa akiwa mnene na amesimama mlangoni. Na masalia ya chini ya kibuyu ni uchafu, msiyaache. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo niliyalamba yote ya mama yangu, nikamsingizia paka, na mama akatembea nusu siku kwenda kuomba chachu kwa jirani. Paka yule alipigwa. Naye Mungu amrehemu.

Nimetoa nzima?
— Nzima!
Kilichobaki chini?
— Tuachie!
Basi msikioshe.