Hodi ya Mshamu kwa Sultani Ghubari

Hapo zamani, visima vilipokuwa virefu na watu wakiwa na nafasi ya kuvichungulia, palikuwa na maskini mmoja jina lake Mshamu. Watu walimwita zuzu, maana ukimwagiza jambo alilifanya vile vile lilivyotamkwa. Siku moja mkewe, Bi Mwanakheri, alimwambia ayaangalie maziwa jikoni. Akayaangalia yakichemka, yakifura, yakimwagika mpaka tone la mwisho, kisha akaenda kumsimulia mkewe habari yote bila kuacha kitu.

Basi ikawa siku ya kuozwa binti yao, Bishara. Nikaha ilikuwa baada ya alasiri, na shehe alikwisha sema kuwa baba asipokuwapo, hapana nikaha. Adhuhuri, pilau likingoja maji, kamba ya kisima ikakatika na ndoo ikazama. Bi Mwanakheri akamwita mumewe, akamwambia, "Teremka, na usirudi bila ndoo."

Mshamu akateremka, mguu ukateleza, akaanguka. Alianguka mpaka akachoka kuanguka, akapiga miayo miwili, wala maji hakuyaona. Hata mwisho akatua kitako katikati ya sinia la pilau, mbele ya Sultani Ghubari, mfalme wa majini, aliyekuwa ndiyo kwanza anyanyue tonge. Ndoo ilikwisha tangulia, nayo ilikuwa imemkaa waziri kichwani barabara, haitoki.

Sasa majini hupita ukutani kama moshi, kwa hiyo nyumba zao hazina mlango hata mmoja. Mlango wao ni hodi. Anayebisha akakaribishwa ni mgeni, hulishwa, kisha mwenyeji humsindikiza mpaka kwao. Anayebisha mara tatu asijibiwe, sharti aende zake. Lakini anayeingia kimya huwa mtumwa wa nyumba ile miaka mia.

"Ewe mwanadamu," akasema Sultani, "umeingia kwangu bila hodi. Utafagia ua huu miaka mia."

Mshamu akalia kilio cha kweli. Akaeleza habari za Bishara, aliyekaa na hina mikononi akimngoja baba yake, na jinsi watu watakavyosema kuwa yule zuzu amemkimbia mwanawe siku ya harusi. Sultani alimsikiliza, lakini alikuwa mtu wa mzaha kuliko huruma.

"Nitakuachilia kwa sharti moja tu," akasema. "Piga hodi kabla hujaingia."

Baraza zima likacheka, na majini wengine wakacheka hata wakazama sakafuni, wakawa wa kuvutwa masikio kutolewa. Mshamu akafuta machozi, akaomba kwa adabu aelezwe neno moja: katika nchi hii, mtu huhesabiwa ameingia wakati gani? Waziri, aliyekuwa ndiye mwenye kuijua sheria, akajibu kutoka ndani ya ndoo kwamba mtu huingia anapoambiwa karibu, kwani pasipo na mlango hapana alama nyingine.

"Je, bwana wangu, yuko aliyeniambia karibu?"

Wakatazamana. Hakuwapo.

"Basi mimi bado sijaingia," akasema Mshamu. "Niko nje, ila nimekalia pilau lako. Hodi!"

Sultani akafungua kinywa, akakifunga upesi. Akimkaribisha, Mshamu ni mgeni, hana budi kumlisha na kumsindikiza. Akinyamaza, hodi tatu zitapita, na Mshamu atakwenda zake. Mshamu akabisha ya pili. Majini wote wakauma midomo, kwani kwa jini aliyelelewa vyema, kuisikia hodi na kunyamaza ni kazi kama kuzuia chafya. Akabisha ya tatu.

"Karibu, mwanangu, karibu! Pita ndani," ikaitika sauti ya bibi kizee. Ndiye mama yake Sultani, aliyekuwa akisinzia pembeni muda wote huo.

Sultani akaangua kicheko, akacheka mpaka kilemba kikamfunguka. Akakiri ameshindwa, akamwambia Mshamu achague atakacho, lulu au dhahabu. Mshamu akasema anataka ndoo, kwa kuwa mkewe amemwambia asirudi bila ndoo. Ikawalazimu majini wanne kumshika waziri miguu na wengine wanne kuivuta. Kisha Sultani akamsindikiza mwenyewe mpaka juu karibu na mdomo wa kisima, na Mshamu, kwa kuwa hakukosa malezi, akamwambia siku yoyote naye abishe hodi kwake.

Akatokea adhana ya alasiri ikilia, wali umemganda kanzuni. Ndoo ikafungwa kamba mpya, na pilau likapata maji yake. Akamwoza Bishara, na furaha yake ikamliza tena. Bi Mwanakheri alipomuuliza alikokawia, akasema alikuwa amekalia chakula cha watu. Mkewe akaguna, akaenda kupakua.

Masinia yakaandaliwa, watu wakanawa. Mara kisimani ikasikika sauti nzito, "Hodi!"

Wageni wakakauka na matonge mikononi. Ikaja hodi ya pili, wala hapana aliyethubutu kupumua. Ilipokuja ya tatu, Bi Mwanakheri, aliyeinama juu ya sufuria, akaitikia bila kugeuka, "Karibu! Pita ndani, chakula tayari."

Sultani Ghubari akapita ukutani, akatua kitako katikati ya sinia la bwana harusi. Nami ninayewasimulia nilikuwa nimeketi penye sinia lile lile, na mpaka leo sijaonja pilau la Bishara.