Mzee Aliyeketi Mferejini

Mwanamke mmoja wa mlimani, Nakijwa, alikuwa na shamba la maharage mwisho kabisa wa mfereji.

Maji ya mfereji ule yalitoka kwenye ndiva, bwawa la udongo ambalo wazee wa Upare walilichimba juu ya kijiji, chemchemi ilijaze, kisha mashamba yanywe kwa zamu. Zamani mgeni mmoja alilizungushia ukuta, maji yote yakaenda kwenye kahawa yake. Watu walinung'unika majumbani. Mwanakijiji mmoja tu, Sekiondo, alisimama mbele ya ukuta, mchana kweupe, akasema maji hayana mwenyewe. Akafungwa. Alipotoka aliyasema maneno yaleyale, kwa sauti ileile, akafungwa tena. Alipotoka mara ya pili kijiji kizima kilimfuata na mashoka. Ukuta ukaanguka, na katika kuanguka ulimlalia mume wa Nakijwa. Mgeni akaondoka. Marehemu akazikwa.

Wakamfanya Sekiondo mlinzi wa ndiva. Sheria ya mlinzi ilikuwa ya kale: huwafungulia wengine kwanza, na shamba lake hunywa mwisho. Kwa hiyo maji yakipotea njiani, yeye ndiye hulala na njaa. Sekiondo aliishika sheria hiyo. Mahindi yake yalikuwa mafupi kuliko ya watu wote, na kila aliyepita akayaona alimpenda zaidi.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyowaponza. Baada ya mavuno fulani mtu alisimama mkutanoni akasema ni aibu mzee aliyeteseka kwa ajili yao kunywa makombo. Apewe zamu ya kwanza. Wanawake wakapiga vigelegele, na Nakijwa naye akapiga. Sekiondo alikataa. Wakamsihi. Akakubali.

Mlinzi anayekunywa kwanza hana haja ya kujua kama maji yamefika chini, na Sekiondo hakujua tena. Shamba lake likapanuka, kisha la wanawe, kisha la wakwe zake. Aliyelalamika aliulizwa siku ya ukuta alikuwa wapi. Walio wengi walikuwepo, lakini nao walinyamaza.

Ukaja mwaka wa ukame. Maharage ya Nakijwa yalikuwa yametoa maua, na maua ya maharage yakikosa maji hupukutika, mwaka ukaishia hapo. Alikuwa na unga kidogo wa kupikia, lakini hakuwa na mbegu nyingine. Asubuhi akapandisha kuelekea kwenye ndiva, jembe begani, akawapita watu waliokaa ukingoni wakingoja zamu isiyofika.

"Wee mama, rudi ukapike," mmoja akamwambia. "Unakwenda kupigana na mtu aliyemng'oa mgeni?"

"Siendi kupigana. Nakwenda kumwagilia."

Wakacheka. Hata hivyo waliinuka wakamfuata, kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine.

Sekiondo alimwona akija. Hakuita wanawe, wala hakumtukana. Aliingia mferejini, pale maji yanapogawanyika, akaketi, akaiziba njia ya chini kwa mwili wake. Kwa watu wale, kumwinua mzee kwa nguvu kutoka alipoketi ni kujitakia laana, na hakuna aliyewahi kuthubutu.

"Haya," alisema. "Nani atamgusa aliyewaletea maji?"

Nakijwa akapiga goti, akamwamkia kama alivyomwamkia siku zote, na mzee, kwa mazoea, akaitikia marahaba. Kisha Nakijwa akasema: "Maji yaliletwa na mlima, baba. Wewe ulituongoza kuuangusha ukuta, nami nililipia kwa mume wangu. Kaa ulipokaa. Sikugusi."

Akainuka, akaanza kuchimba pembeni yake.

Ardhi ilikuwa ngumu. Alianzia ukingo wa juu, akamzunguka mzee kama mkulima anavyouzungusha mfereji kwenye jabali. Sekiondo akamwamuru aache. Hakuacha. Akamtishia kwamba atafukuzwa kijijini. Nakijwa akauliza atafukuzwa na nani, na jembe halikusimama. Yule aliyemwambia arudi akapike aliitazama mikono yake mwenyewe, mitupu, akaondoka. Wenzake walidhani amekwenda kujificha. Akarudi na sepetu. Alipofika kwa mzee naye alipiga goti, akaamkia, akaanza kuchimba. Baada yake wakaja wengine, na kila aliyekuja aliamkia kwanza.

Jua halijafika utosini, maji yalimzunguka Sekiondo yakashuka. Yalipita mashamba ya juu, yakapita ya kati, jioni yakafika kwenye maharage. Mzee alibaki ameketi mahali pakavu, heshima yake nzima, na njia aliyoiziba haikuwa tena njia ya kitu chochote. Laana haikumpata mtu, maana hakuna aliyemgusa.

Nanyi mnaokaa ukingoni mkingoja mzee wa kwenu ainuke mwenyewe, majembe yenu mmeyaweka wapi?